Pindo la Jiwe: Mama Anapojifunza Kutengeneza Kingo za Sleti

Kila mama aliyewahi kushika sindano anajua kwamba nguo isiyopindwa haidumu. Hata kitambaa kiwe cha bei kubwa namna gani, kikiachwa bila pindo nyuzi zitafumuka pembeni, na baada ya kufuliwa mara chache kitabaki tambara. Jiwe nalo lina pindo lake. Anayeanza kuchonga hutamani sana kufikia herufi na maua ya katikati, lakini ukingo ndio unaoamua kama kazi yake itadumu au itabanduka.

Mwezi huu tunazungumza na mama ambaye angependa kujifunza kazi hiyo kwa jiwe liitwalo sleti. Wasomaji wetu wenye umri mkubwa watalikumbuka. Ni jiwe la vile vibao vyeusi vyenye fremu ya mbao ambavyo watoto wa shule waliandikia kwa grife, wakafuta, kisha wakaandika tena. Jiwe hilohilo huezekwa kwenye mapaa ya nyumba huko Uingereza, hutandikwa sakafuni, na huchongwa majina ya marehemu makaburini.

KWA NINI SLETI?

Katika kila familia huja siku ambapo jina la mpendwa linahitaji kuandikwa mahali. Pengine ni mtoto aliyetutoka akiwa mdogo, pengine ni mama mkwe aliyetupokea vizuri tulipoolewa. Wengi wetu huandika jina hilo kwa msumari kwenye saruji mbichi, au huweka msalaba wa mbao uliopakwa rangi. Mvua za masika zikipita mara chache, rangi imebanduka, mbao zimeliwa na mchwa, na wajukuu hawajui tena ni nani aliyelala pale.

Sleti ina uvumilivu mkubwa zaidi. Huko Leicestershire, katikati ya Uingereza, yapo makaburi ya miaka ya 1700 yaliyowekewa sleti ya Swithland. Hadi leo herufi zake zinasomeka vizuri, wakati mawe mengine laini ya makaburini hulika na kufutika. Sababu ni kwamba sleti ina punje ndogo sana, na sleti nzuri hainywi maji kwa urahisi.

Hata hivyo, hatumshauri mama yeyote aanze na jiwe la kaburi. Anza na kibao kidogo cha kuwekea sufuria ya moto mezani, kisha kibao cha jina la familia cha kuweka mlangoni. Mkono ukishazoea hivyo viwili, ndipo ufikirie lile jiwe ambalo hutaki likosewe.

JIWE LENYE KURASA

Zamani sana sleti ilikuwa tope. Tope hilo lilitua chini ya bahari, kisha likabanwa na kupashwa joto ndani ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Sleti ya machimbo ya Penrhyn, kaskazini mwa Wales, ina umri wa miaka milioni 500 hivi. Katika kubanwa huko, punje bapa za madini zilijipanga zote kwa mwelekeo mmoja. Ndiyo maana sleti hupasuka ikawa mabamba membamba, kama kitabu kinachofunguliwa.

Fikiria chapati iliyokunjwa vizuri kwa mafuta. Ukiibonyeza kutoka juu, inashikamana. Ukiivuta kwa ubavuni, inaachana karatasi kwa karatasi. Sleti ina tabia hiyohiyo. Pigo linaloelekea ndani, kwenye moyo wa jiwe, hukutana na jiwe lililojaa nyuma yake, nalo hulibeba. Pigo linaloelekea nje halina kitu cha kulibeba, hivyo hunyakua gamba la jiwe na kuondoka nalo. Mama akiielewa chapati hii, ameielewa siri yote ya ukingo. Mengine yote tutakayosema yanatoka hapo.

KUCHAGUA JIWE

Si kila jiwe bapa ni sleti. Jiwe la Mazeras la pwani ya Kenya, ambalo wengi hulitandika bustanini, ni jiwe la mchanga. Ukilipapasa utazisikia punje zake. Jiwe la Kisii linalochongwa Tabaka ni laini kiasi kwamba kisu hulikata kwa urahisi. Sleti haina punje za kuhisika kwa kidole, ni ngumu kuliko jiwe la Kisii, na ubavuni utaona mistari myembamba ya matabaka yake.

Vipande hupatikana kwa wauzaji wa vigae vya sakafu na kwa mafundi wanaojenga nyumba za kisasa, ambao mara nyingi hubaki na mabaki. Meza nzuri za biliadi nazo huwa na bamba la sleti chini ya kile kitambaa cha kijani; meza ikichakaa, fundi wake anaweza kukuuzia kipande. Kwa kuanzia tafuta kipande cha sentimita 20 kwa 30 chenye unene wa sentimita 2. Kitakuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, kiasi ambacho mama anaweza kukigeuza bila kuita msaada.

Kabla ya kutoa fedha, lijaribu jiwe kama unavyojaribu chungu sokoni. Liinue kwa vidole na uligonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Jiwe zima hulia kama kengele ndogo. Likitoa sauti butu, lina ufa uliojificha. Kisha limwagie maji na ulitazame likikauka. Mahali penye ufa hubaki mstari mweusi wa unyevu wakati kwingine kote kumekauka. Jiwe hilo liache, hata kama muuzaji atapunguza bei.

KWANZA KABISA, VUMBI

Hapa tunamwomba msomaji wetu asiruke mistari. Ndani ya sleti mna silika, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 40 ya jiwe. Jiwe likisagwa likiwa kavu, silika hiyo hupanda hewani ikiwa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Huingia ndani kabisa ya mapafu na haitoki tena. Mapafu hufanya makovu, pumzi hupungua mwaka hadi mwaka, na ugonjwa huo uitwao silikosisi hauna dawa ya kuuponya. Tena mwenye silikosisi hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine.

Familia za Wales zililijua jambo hili kwa machozi. Mwishoni mwa karne ya 19 machimbo ya sleti ya huko yaliajiri watu wapatao 17,000. Vumbi lilikuwa zito kwenye mabanda ambamo mawe yalikatwa na kupasuliwa, na waume walirudi nyumbani nalo kwenye nguo. Walipoanza kukohoa na kudhoofika, baadhi ya madaktari wa machimbo walisema vumbi la sleti halina madhara. Lawama walizitupa jikoni: wakasema kinachowadhoofisha wanaume ni chai iliyochemshwa mno, na chakula kibaya wanachopikiwa na wake zao! Hebu fikiri, mama mwenzetu. Mke anamuuguza mume usiku kucha, kisha anaambiwa kwamba birika lake ndilo lililomwua. Miaka mingi ilipita kabla ya haki kupatikana. Mwaka 1979 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia wagonjwa wa vumbi ambao waajiri wao walikuwa wamekwisha kufunga kazi, na wachimbaji wa sleti walikuwa miongoni mwao. Wajane wengi hawakuwahi kuiona siku hiyo.

Kwa hiyo, mama, shika kanuni hizi tangu siku ya kwanza:

Fanya kazi nje, penye upepo, wala si jikoni au chumbani wanakolala watoto.

Jiwe liwe na maji wakati wote unapolipiga tupa au msasa. Vumbi lililolowa ni tope, na tope haliruki.

Usitumie mashine ya kusaga au kukatia jiwe kavu, hata kama fundi jirani atakuazima bure.

Vaa miwani ya kukinga macho, maana magamba ya sleti ni makali kama wembe. Unapopiga patasi vaa barakoa maalumu ya vumbi, ile yenye alama ya N95 au FFP2 au zaidi. Kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii vumbi hili.

Usifagie kwa ufagio mkavu. Mwaga maji, kisha uzoe tope. Nguo za kazi usizikung'ute. Ziloweke na uzifue peke yake, mbali na nguo za mtoto.

VIFAA VYA KUANZIA

Huhitaji karakana. Unahitaji meza imara, na mfuko uliojazwa mchanga nusu, ambao utalaza jiwe juu yake ili lisidunde linapopigwa. Tafuta patasi moja bapa ya mawe yenye upana wa milimita 12 hivi, yenye ncha ya chuma kigumu, na nyundo ndogo ya nusu kilo. Nyundo kubwa ni adui wa ukingo. Ongeza tupa moja bapa, rula ya chuma, guni la seremala la kupimia pembe mraba, penseli nyeupe, na msasa wa maji wa namba 120, 240 na 400. Msasa uzungushie kipande cha ubao kilichonyooka, maana ukiushika kwa vidole vitupu utachimba mabonde. Ndoo ya maji na sifongo vikae karibu.

HATUA KWA HATUA

1. Chora pande zote mbili. Chagua ubavu ulionyooka kuliko zote, na uanze kupima kutoka hapo kwa guni. Chora mstari wa ukingo unaoutaka kwenye uso wa jiwe, kisha geuza jiwe uchore mstari uleule mgongoni. Mstari wa upande mmoja hautoshi, kwa sababu patasi itaingia kutoka pande zote mbili.

2. Ondoa ziada. Kama kuna sehemu kubwa ya kukata, ni heri umpelekee muuza vigae mwenye mashine ya maji, na umwambie aache milimita 3 nje ya mstari wako. Hizo tatu ni zako za kujifunzia. Kama jiwe ni jembamba la kigae, unaweza kutumia njia ya mafundi wa Wales. Wao hulaza bamba juu ya chuma kilichonyooka, sehemu ya kukatwa ikiwa imetokeza nje, na kuikata kwa pigo la kisu kizito. Upande wa chini hupasuka kwa mshazari, kwa hiyo hulaza uso mzuri chini. Jiwe likigeuzwa, mshazari huo huonekana kama pindo lililokusudiwa.

Mafundi hao walikata kwa vipimo maalumu, na vipimo hivyo vilipewa vyeo vya wanawake wakubwa. Bamba la inchi 24 kwa 12 liliitwa Dachesi, la inchi 20 kwa 10 Kauntesi, na la inchi 16 kwa 8 Ledi. Hivyo nyumba nyingi za watu wa kawaida zilifunikwa na Maledi na Makauntesi! Mwezi Julai 2021 UNESCO iliiweka nchi hiyo ya sleti ya kaskazini-magharibi mwa Wales katika orodha ya urithi wa dunia.

3. Piga kuelekea ndani. Laza jiwe juu ya mfuko wa mchanga. Weka ncha ya patasi karibu na mstari, mpini ukiwa umelala kidogo, ili pigo liende katikati ya unene wa jiwe. Gonga kidogo kidogo. Gamba linalotoka lisizidi unene wa ukucha. Fanya hivyo upande wote mmoja, kisha geuza jiwe na uje kutoka upande wa pili, mpaka pande mbili zikutane katikati. Usiiache patasi ipite moja kwa moja na kutokea upande wa pili, kwa maana hapo ndipo gamba kubwa hung'oka.

4. Anza na pembe. Pembe ni mahali penye jiwe kidogo kuliko pengine pote, nayo huvunjika kwanza. Usiifikie ukiwa umetoka katikati na mwendo wa nguvu. Anzia kwenye pembe ukielekea katikati, kisha nenda pembe ya pili na ufanye vivyo hivyo. Mtu anayepaka siagi kwenye mkate huanza katikati akatokea nje. Wewe fanya kinyume chake.

5. Nyoosha kwa tupa. Lowesha jiwe. Sukuma tupa kutoka usoni kuelekea katikati ya unene, kwa mshazari, kisha iinue unapoirudisha. Usiiburute kwenda na kurudi kama msumeno, kwa sababu katika kurudi hubandua matabaka ya juu. Kila mara weka rula ubavuni na utazame mwanga. Mahali mwanga unapopenya pana bonde, na mahali rula inapogusa ndipo pa kupunguza.

6. Tengeneza pindo lenyewe. Ukingo mkali wa nyuzi 90 hupendeza macho siku ya kwanza tu. Ukigongwa na kijiko, umevunjika. Chora mstari milimita 3 ndani ya uso, na mwingine milimita 3 chini yake ubavuni. Sasa laza tupa kwa mshazari katikati ya mistari hiyo na uondoe ule ukali mpaka ifikiwe yote miwili. Mshazari huu mdogo ndio ulinzi wa jiwe, kwa kuwa pigo la bahati mbaya halipati tena mdomo mwembamba wa kuung'oa.

7. Malizia kwa msasa na maji. Anza na namba 120 mpaka alama zote za tupa zitoweke, kisha 240, kisha 400. Kati ya namba moja na nyingine, osha jiwe na ubadilishe maji, maana punje moja ya msasa wa kwanza ikibaki itachora mstari mweupe kwenye kazi yote. Jiwe likiwa limelowa huonekana zuri daima. Lisubiri likauke ndipo ulihukumu.

PEMBE IKIVUNJIKA

Itavunjika siku moja, nasi tunakuambia mapema ili usikate tamaa. Usilitupe jiwe, wala usikimbilie gundi kwa kazi itakayokaa nje mvuani. Kata pembe zote nne kwa kipimo kilekile, na kibao kitakuwa na pande nane. Au zizungushe zote kwa kufuata duara la kifuniko cha chupa. Gamba likitoka katikati ya ukingo, panua mshazari kutoka milimita 3 hadi 5 pande zote. Anayekuja kukitazama kibao hatajua kwamba ulikusudia jambo lingine. Mama aliyewahi kupunguza gauni la dada mkubwa likamfaa mdogo ana ujuzi huu tayari.

NUSU SAA KWA SIKU

Wengine watauliza: mama mwenye watoto, shamba, mume na ofisi, atapata wapi nafasi ya kuchonga jiwe? Barbara Hepworth, mchongaji maarufu wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1903 na 1975, alikuwa mama wa watoto wanne. Mwaka 1934, akiwa tayari na mtoto mmoja wa kiume, alijifungua mapacha watatu kwa mpigo. Hakuiweka patasi chini. Alieleza baadaye kwamba mama anaweza kulea na kuchonga, mradi tu kila siku afanye kidogo, hata nusu saa, ili kazi isife moyoni mwake. Sleti nayo aliichonga: mwaka 1964 alitengeneza maumbo mawili ya sleti yaliyosimama wima bega kwa bega.

Nusu saa ya jioni, watoto wakiwa kwenye masomo yao, yatosha kwa upande mmoja wa kibao. Pande nne ni jioni nne. Mshazari ni jioni mbili, na msasa mbili tena. Kwa siku nane umepata kibao cha sufuria ambacho mtoto wako anaweza kukirithi. Na katika siku hizo nane mkono wako umejifunza jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kuufundisha: ni kiasi gani jiwe litakubali, na wapi litakataa.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kwa sleti tungeongeza kwamba bandu kubwa humaliza jiwe kabla ya kazi. Chukua kidogo, elekeza ndani, lowesha kila mara. Ukifika wakati wa kuandika jina la yule unayempenda, liandike katikati ya jiwe ambalo pindo lake limekwisha kushikwa vizuri, ili watoto wa watoto wako walisome.